Mwongozaji wa Maigizo na Watu Aliokabidhiwa

1. Utangulizi

Katika sharika zetu nyingi maigizo yamekuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya Kanisa. Krismasi haipiti bila Yusufu na Mariamu kukosa nafasi katika nyumba ya wageni. Ijumaa Kuu haipiti bila Pilato kunawa mikono. Na vijana wanapokutana kwa semina, igizo huwekwa katika ratiba baina ya mafundisho na chakula. Hata hivyo, yule anayekabidhiwa kuliongoza igizo hilo, ambaye mara nyingi ni mchungaji, mwinjilisti au mwanafunzi wa theolojia aliye katika mafunzo kwa vitendo, huwa hajafundishwa kazi hiyo. Kuhubiri amejifunza darasani. Kuongoza igizo hutazamiwa alijue tu, kama mtu anavyojua kupiga makofi.

Makala hii inakusudia kueleza kazi ya mwongozaji wa maigizo katika mazingira ya chuo na ya usharika, tangu kuchagua igizo hadi siku inayofuata onyesho. Tunaandika tukiwa tumeongoza maigizo ya wanafunzi na ya vijana kwa miaka kadhaa, na tumekosea pia, kama tutakavyoeleza. Hoja yetu ni kwamba mwongozaji hukabidhiwa mambo mawili, yaani maneno na watu. Akiyaharibu maneno, onyesho litakuwa baya, na watu watalisahau. Akiwatumia watu kana kwamba wao ni vifaa vya onyesho, hata onyesho zuri laweza kuacha jeraha lisilosahaulika.

2. Mwongozaji ni nani?

Mwandishi hutoa maneno, na waigizaji hutoa miili na sauti zao. Mwongozaji hukaa mahali pa hadhira kabla hadhira haijafika. Yeye ndiye anayeuliza: Je, hili linaonekana? Je, linasikika? Je, mtu asiyeijua habari hii atafahamu ni nini kinachotokea?

Wengine hudhani kwamba kazi hii ni ya kidunia na imeletwa kanisani juzi. Sivyo. Katika miaka ya 970 watawa wa Uingereza walikuwa na kitabu cha taratibu, kilichotokana na sinodi ya Winchester, na ndani yake kuna maagizo ya namna ya kuigiza asubuhi ya Pasaka mbele ya kaburi. Mtawa mmoja, aliyevaa kanzu nyeupe, aende kimya na kuketi penye kaburi akiwa na tawi la mtende mkononi. Kisha watatu wengine waje wakiwa na vyetezo, wakitembea polepole kwa namna ya watu wanaotafuta kitu. Haya ni miongoni mwa maagizo ya zamani kabisa ya uongozaji tuliyonayo katika Kanisa.

Tuyatazame kwa makini. Kitabu hakiwaambii watawa wale watatu wahuzunike, wala wajifanye wanawake kwa kulainisha sauti. Kinawapa tendo la kufanya: tembeeni polepole, tafuteni. Huzuni hupatikana yenyewe ndani ya kutafuta. Mwongozaji anayemwambia mwigizaji “onyesha huzuni zaidi” atapata uso uliokunjwa. Anayemwambia “umepoteza kitu, kitafute, na usimtazame mtu yeyote mpaka utakapokipata” atapata huzuni ambayo hadhira nzima itaiamini. Kanuni hii moja, ikishikwa vizuri, yatosha kumwanzisha mtu katika kazi ya uongozaji.

3. Kuchagua igizo na kulisoma

Mababa wa Matengenezo hawakuikwepa sanaa hii. Katika dibaji zake za Biblia ya mwaka 1534, Luther alikieleza kitabu cha Yudithi kuwa chafaa kuwa tanzia nzuri, na kile cha Tobiti kuwa chafaa kuwa komedia ya kupendeza. Miaka 7 kabla ya hapo, yaani mwaka 1527, Burkard Waldis, aliyekuwa zamani mtawa wa Kifransisko, alikuwa amekwisha kuonyesha mjini Riga igizo la Mwana Mpotevu ili kuwafundisha watu wa mji kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani. Aliufundisha umati wa mjini kwa lugha yao habari ambayo wanatheolojia walikuwa wakiibishania kwa Kilatini.

Hata hivyo, mwongozaji ajihadhari na igizo ambalo ni hotuba iliyovikwa maleba. Dalili zake ni rahisi kuzitambua. Mlevi huingia akipepesuka, watu hucheka; mchungaji huingia na kusema aya nne; mlevi hupiga magoti na kuokoka; kwaya huimba. Katika igizo kama hilo hakuna anayeweza kushindwa, na kwa hiyo hakuna anayesikilizwa. Nathani hakumwendea Daudi na aya nne. Alimpa kisa cha kondoo mmoja wa maskini, akamwacha mfalme mwenyewe atoe hukumu (2 Sam 12). Igizo linalofaa ni lile ambalo mtazamaji hujikuta amekwisha kutoa hukumu kabla ya kutambua kwamba anayehukumiwa ni yeye.

Baada ya kuchagua, kinachofuata ni kusoma, wala si kusimama jukwaani. Waigizaji wote waketi mviringo na kulisoma igizo lote kwa sauti, si mara moja tu. Katika kila onyesho dogo mwongozaji aulize maswali matatu: Mtu huyu anataka nini? Ni nani anayemzuia? Ni nini kitabadilika asipokipata? Konstantin Stanislavski, aliyeshiriki kuanzisha Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898, aliwafundisha waigizaji wake kumtafuta mhusika kwa kuuliza anachotaka, na njia hiyo haijapitwa na wakati.

Wakati mmoja tuliongoza wanafunzi wetu katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969 na inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Tuliichagua kwa sababu inauliza swali zito kwa mtu yeyote anayejiandaa kusimama mimbarani: inakuwaje neno lililotoka kinywani mwa nabii linapopata nguvu kumshinda nabii mwenyewe? Mwanafunzi aliyeigiza Kinjeketile alikuwa na sauti nzuri ya mahubiri. Katika sehemu ya mwisho, pale Kinjeketile gerezani anapotakiwa kukana habari za maji naye anakataa, alinyanyua mikono na kuhubiri. Kila mmoja wetu aliona kwamba si kweli, lakini hatukujua kwa nini. Ndipo tulipomuuliza: Mtu huyu amepigwa, amebakiwa na pumzi kiasi gani? Akaketi sakafuni, akayasema maneno yale yale kwa mtu mmoja tu aliyekuwa karibu naye, akipumzika katikati. Chumba kizima kilinyamaza. Baadaye alituambia kwamba tangu siku hiyo alianza kujiuliza swali lile lile kuhusu mahubiri yake.

4. Kugawa nafasi za wahusika

Hapa twafika mahali tulipokosea sana, na tunaeleza kosa hilo ili wengine wasilirudie.

Tulipokuwa tukihudumu katika usharika mmoja wa kijijini, tuliandaa igizo la Mwana Mpotevu (Lk 15:11–32) kwa ajili ya sikukuu ya vijana. Katika usharika huo kulikuwa na kijana ambaye alikuwa ameuza ng’ombe wawili wa baba yake, akaenda mjini kufanya biashara, akarudi baada ya mwaka mmoja na nusu akiwa hana kitu. Baba yake alimpokea bila maneno mengi. Kijana huyo akaanza kuja kanisani na kuketi benchi la nyuma, na baada ya muda akajiunga na kwaya. Sisi tulidhani kwamba tumeona mkono wa Mungu. Tukampa nafasi ya mwana mdogo. Hakukataa, na ni kijana gani wa kijijini angemkatalia mchungaji wake mbele ya wenzake?

Siku ya onyesho kanisa lilijaa. Alipoingia amevaa magunia, akainama kuwalisha nguruwe, mtu mmoja nyuma akamwita kwa jina lake halisi na kumuuliza bei ya ng’ombe. Kanisa zima likaangua kicheko. Kijana akamaliza maneno yake yote, neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Jumapili iliyofuata hakuja. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekwisha kurudi mjini. Mama yake alikuja nyumbani kwetu, akakaribishwa, akaketi. Akatueleza kwa utulivu kwamba mwanawe alikuwa amekwisha kurudi kwa baba yake mara moja, usiku, na mlango ukafunguliwa. Ila sisi tulimrudisha mara ya pili, mchana, mbele za watu wote. Hatukuwa na jibu, wala hatuna hadi leo.

Kutokana na hayo tumejiwekea kanuni tatu. Kwanza, kamwe tusimpe mtu nafasi inayofanana na aibu yake inayojulikana, hata tukidhani kwamba itamponya. Uponyaji wa moyo una faragha yake, na mfano wa Bwana unaonyesha kwamba baba alimkimbilia mwanawe alipokuwa angali mbali. Pili, nafasi ipendekezwe kwa mtu akiwa peke yake, si mbele ya kundi, na apewe siku mbili au tatu za kufikiri, ili aweze kukataa bila kulazimika kutoa sababu. Hili ni muhimu zaidi mwongozaji anapokuwa mchungaji au mwalimu, kwa kuwa ombi la mkubwa husikika kama amri. Tatu, nafasi za watu waovu, kama Yuda, Herode au Yezebeli, zisipewe daima watu wale wale. Tumeona mtoto wa shule ya Jumapili aliyeitwa Yuda na wenzake mpaka alipopata kipaimara.

5. Mazoezi

Igizo la dakika 40 lahitaji, kwa uzoefu wetu, wiki 6 za mazoezi, mara mbili kwa wiki, kila mara saa moja na nusu. Yaani saa 18 kwa jumla. Wiki ya kwanza ni ya kusoma. Wiki ya pili na ya tatu ni za mienendo: nani aingia wapi, nani aketi, nani asogee. Mwisho wa wiki ya nne maneno yawe yamekwisha kukaririwa, na karatasi zisionekane tena. Wiki ya tano ni ya kuunganisha igizo na nyimbo na ngoma. Wiki ya sita igizo lote lipitiwe bila kusimama, mahali pale pale litakapoonyeshwa, na saa ile ile, maana jua la saa tisa alasiri linalopenya madirishani laweza kumfanya mwigizaji asiweze kufumbua macho.

Kipaza sauti kimoja kimeua maigizo mengi. Waigizaji hupokezana, hujipanga mstari kama watu wanaosubiri posho, na kila mmoja huzungumza na chombo hicho badala ya kuzungumza na mwenzake. Ni afadhali kukiacha kabisa. Watazamaji waletwe karibu, wapangwe pande tatu za mahali pa kuchezea, na waigizaji wafundishwe kutoa sauti kutoka tumboni na kumaliza kila sentensi bila kuimeza. Kwenye paa la bati ujumbe ulio muhimu usitegemee sauti peke yake: mvua ikinyesha, tendo litabaki likionekana.

Tena, mwongozaji asiwe mtu wa kuamuru tu. Mfano bora tunaoujua katika Afrika Mashariki ni ule wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya. Mwaka 1977 wanakijiji waliandaa tamthilia Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa kwa Kigĩkũyũ na Ngũgĩ wa Thiong’o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na kuongozwa na Kimani Gecau. Walijijengea jukwaa lao la wazi. Mazoezi hayakufichwa, mtu yeyote aliyepita aliweza kusimama akatazama, na wazee walisahihisha lugha, nyimbo na michezo ya jadi pale wasomi walipokosea. Kwa njia hiyo kijiji kizima kililijua igizo kabla halijafunguliwa mwezi Oktoba 1977. Mwezi Novemba serikali iliondoa kibali, mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong’o akakamatwa na kuwekwa kizuizini kwa muda wa karibu mwaka mzima, na mwaka 1982 jukwaa lile likabomolewa. Watawala hawakuogopa karatasi iliyoandikwa. Riwaya za mwandishi huyo zilikuwa zikisomwa. Waliogopa watu waliokuwa wameyafanya maneno yale kuwa mali yao.

Sisi hatuandai maigizo ili kushindana na serikali, lakini somo la mazoezi ya wazi latuhusu. Mama mzee anayefagia kanisa huku vijana wakifanya mazoezi anajua jinsi mjane anavyobisha hodi kuliko mwongozaji mwenye shahada. Na aulizwe.

Jambo la mwisho kuhusu mazoezi laonekana dogo, lakini si dogo. Mazoezi yaishe kabla ya giza, au pawe na mpango unaojulikana wa kuwarudisha wasichana nyumbani. Mzazi akimruhusu binti yake kuja, amemkabidhi kwa mwongozaji mpaka atakapoingia mlangoni kwao. Hakuna onyesho linaloweza kulipia uzembe katika jambo hilo.

6. Umati

Katika maigizo ya Juma Takatifu umati huachwa mwisho. Huwa ni kwaya nzima, inayosimama pembeni na kupaza sauti moja wakati wa hukumu. Hapa mwongozaji anahitaji ujuzi na theolojia kwa pamoja.

Kuhusu ujuzi, Georg II, mtawala wa Sachsen-Meiningen huko Ujerumani, ambaye kundi lake la waigizaji lilianza kusafiri mwaka 1874, alipata sifa kwa kumpa kila mtu katika umati kazi yake mwenyewe. Nasi twaweza kufanya hivyo: mmoja amekuja kwa sababu ya kelele, mwingine amebeba mtoto aliyeponywa juzi na anaogopa kusema, wa tatu amelipwa, wa nne haelewi.

Kuhusu theolojia, tutazame Oberammergau, kijiji cha Wakatoliki katika Bavaria. Mwaka 1633, wakati wa tauni, wanakijiji waliweka nadhiri ya kuigiza Mateso ya Bwana, na wakaanza mwaka 1634. Wanaendelea hata sasa, kwa kawaida kila baada ya miaka 10; lile la mwaka 2020 liliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, likafanyika mwaka 2022. Wanaoigiza ni wanakijiji wenyewe. Lakini kwa vizazi vingi igizo hilo liliwaonyesha Wayahudi kuwa umati mmoja wenye kiu ya damu. Hitler alilitazama mwaka 1934, na baadaye akalisifu kwa jinsi lilivyowaonyesha Wayahudi. Christian Stückl, aliyekabidhiwa uongozaji kwa igizo la mwaka 1990, ameendelea kulirekebisha: kilio cha umati katika Mt 27:25 kiliondolewa, Yesu anasali kwa Kiebrania kama Myahudi alivyo, na katika Baraza wapo wanaopinga hukumu.

Sisi tulio wa mapokeo ya Kilutheri hatuna haki ya kuwanyoshea kidole wanakijiji hao, kwa kuwa twajua Luther mwenyewe aliandika nini juu ya Wayahudi mwaka 1543. Na hata kijijini kwetu, ambako labda hakuna Myahudi, umati wenye sauti moja hufundisha jambo baya: kwamba wabaya ni watu wa namna fulani, nao ni wengine. Umati wenye watu mbalimbali humwacha mtazamaji ajiulize ni yupi kati yao anayefanana naye.

7. Baada ya onyesho

Igizo halikomi watu wanapopiga makofi. Katika miaka ya 1982 na 1983 Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya sanaa za maonyesho na wananchi wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakuwaletea wananchi igizo lililokwisha andikwa. Walianza kwa kuwauliza matatizo yao, na miongoni mwa yaliyojitokeza ni mimba za wasichana. Igizo likatokana na mazungumzo hayo, na baada ya onyesho mazungumzo yakaendelea. Usharika nao waweza kutenga nusu saa baada ya onyesho, ambapo mchungaji hatoi mahubiri ya kufafanua igizo, bali anauliza na kunyamaza.

Waigizaji nao wana haki yao. Kabla hawajatawanyika, mwongozaji awakusanye, wavue maleba, na kila mmoja aitwe kwa jina lake halisi. Aliyeigiza Yuda apewe mkono kwanza. Kisha katika juma linalofuata mwongozaji awatembelee, hasa wale walioigiza mambo mazito. Laiti tungalimtembelea yule kijana Jumatatu, badala ya kumngoja Jumapili.

8. Hitimisho

Tumeeleza kwamba mwongozaji huchagua igizo linalomwacha mtazamaji atoe hukumu, hulisoma kwa maswali kabla ya kulichezesha, humpa mwigizaji tendo badala ya hisia, hufungua mazoezi ili wengine wamsahihishe, na humpa kila mtu katika umati uso wake. Mambo haya yote yaweza kujifunzwa, na tungependa vyuo vyetu viyape nafasi katika mitaala karibu na somo la kuhubiri.

Lakini ujuzi hautoshi. Mwanafunzi anayekwenda usharikani akiwa na igizo mkononi aanze kwa kuwajua watu wake: ni nani aliyefiwa, ni nani aliyerudi, ni nani anayeketi benchi la nyuma na kwa nini. Ndipo agawe nafasi. Akiona kwamba igizo zuri haliwezi kufanyika bila kumwumiza mmoja wao, na aliache igizo hilo. Lipo jingine.